Rangi Nyekundu: Kazi ya Jicho na Kazi ya Mtaa

Katika miaka ya karibuni sehemu kubwa ya biashara ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, imeingia katika simu. Mwenye duka la kanga na vitenge katika mtaa wa Uhuru, muuza vipuri wa Gerezani na mwagizaji wa viatu katika mtaa wa Kongo huonyesha bidhaa zao mezani, na papo hapo huzionyesha katika kurasa za intaneti. Kila ukurasa wa namna hiyo hauna budi kuwa na rangi, na kijana anayelipwa kuutengeneza hana budi kuichagua. Mara nyingi huchagua nyekundu. Vitabu vya ufundi huo, ambavyo vingi vimeandikwa ng'ambo, humfundisha kwamba nyekundu huamsha hamu na kumfanya mteja anunue. Kurasa chache mbele, vitabu hivyo hivyo humfundisha kwamba nyekundu ni rangi ya hatari, makosa na katazo.

Mafundisho hayo mawili hayapatani. Ikiwa rangi moja humvuta mteja na papo hapo humfukuza, basi nguvu yake haiwezi kuwa katika rangi peke yake. Makala haya yanakusudia kueleza ni sehemu gani ya nguvu ya nyekundu inayotokana na maumbile ya jicho, ambayo ni ile ile kwa watu karibu wote, na ni sehemu gani inayotokana na mazoea ya mahali, ambayo hubadilika kutoka mji hadi mji na hata kutoka mtaa hadi mtaa. Mtu asiyetenganisha mambo hayo mawili anaweza kumtia mteja wake hasara, kama itakavyoonekana.

Nyekundu ni nini?

Mwanga wa jua, ambao huonekana mweupe, ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Isaac Newton, mwanasayansi wa Kiingereza, aliupitisha katika kipande cha kioo chenye pembe tatu akaona ukigawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua. Matokeo ya uchunguzi wake aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1704. Leo inafahamika kwamba kila rangi ya upinde huo ina urefu wake wa wimbi. Urefu huo hupimwa kwa nanomita, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Jicho la binadamu huona mawimbi ya kuanzia nanomita 380 hivi hadi 750 hivi. Mawimbi mafupi huonekana kuwa ya zambarau na bluu, ya katikati kuwa ya kijani na manjano, na marefu kupita yote, kuanzia nanomita 620 hivi, huonekana kuwa mekundu.

Kanga nyekundu inayoning'inia mlangoni mwa duka haitoi mwanga wake yenyewe. Dawa iliyotiwa katika kitambaa hunyonya mawimbi mafupi na ya katikati ya mwanga wa jua, na kurudisha yale marefu. Kioo cha simu hufanya kazi kwa njia nyingine. Juu yake kuna vidoa vidogo mno, visivyoonekana kwa macho matupu, vya aina tatu: vyekundu, vya kijani na vya bluu. Kila kidoa huweza kuwashwa kwa kiasi mbalimbali, na katika simu nyingi viwango vyake ni 256, vinavyohesabiwa kutoka 0 hadi 255. Vyote vitatu vikiwashwa kabisa, jicho huona nyeupe. Vyekundu vikiwashwa peke yake, jicho huona nyekundu. Kwa kuchanganya viwango hivyo simu hutoa rangi zaidi ya milioni 16.

Jambo moja hapa huwashangaza wengi. Vidoa vya aina tatu havichangii sawasawa katika mng'aro ambao jicho huuona. Ikiwa mng'aro wa nyeupe ni sehemu 100, basi kijani huchangia kiasi cha sehemu 72, nyekundu 21 na bluu 7. Maana yake ni kwamba nyekundu kamili ya simu, ambayo watu wote huiita rangi kali, ina mng'aro wa kama moja ya tano tu ya nyeupe. Ukali wake hautokani na wingi wa mwanga.

Jicho linavyoitambua

Nyuma ya jicho kuna utando wenye chembehai zinazopokea mwanga. Zile zinazofanya kazi mchana huitwa koni, nazo ni za aina tatu. Aina ya kwanza huitikia zaidi mawimbi ya kiasi cha nanomita 420, ya pili 530 na ya tatu 560. Hesabu hizi zinaonyesha kwamba hakuna koni ambayo kilele chake kiko katika nyekundu. Hata ile ya tatu huitikia zaidi mwanga wa kijani kinachoelekea manjano. Ubongo huitambua nyekundu kwa kulinganisha. Koni za aina ya tatu zikiitikia sana kuliko za aina ya pili, ubongo huhesabu kwamba kilichoonekana ni chekundu.

Mamalia wengi hawana uwezo huo. Ng'ombe na mbwa wana koni za aina mbili tu, na ule usemi kwamba fahali hukasirishwa na kitambaa chekundu hauna msingi, kwani kinachomchochea ni kule kutikiswa kwa kitambaa. Binadamu, pamoja na nyani na tumbili wa Afrika na Asia, wana aina zote tatu. Wanasayansi kadhaa wameeleza kwamba huenda uwezo huo ulidumu kwa sababu ulimsaidia mnyama kuona tunda bivu au jani changa katikati ya majani mabichi. Maelezo hayo bado yanajadiliwa, lakini faida yenyewe huonekana kila asubuhi sokoni: mnunuzi wa nyanya aliyesimama mbele ya tenga huona zilizoiva kabla hajaanza kuzitafuta.

Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hilo kwa vipimo. Mwaka 1980 Anne Treisman na Garry Gelade walieleza kwamba kitu chenye rangi ya pekee katikati ya vitu vya rangi nyingine hupatikana upesi, na wingi wa vitu vinavyokizunguka hauongezi sana muda wa kukitafuta. Kabla yao, mwaka 1933, mwanasaikolojia wa Kijerumani Hedwig von Restorff alikwisha kuonyesha kwamba kitu kilicho tofauti na wenzake katika orodha hukumbukwa zaidi. Msomaji aangalie vizuri sharti lililomo katika matokeo hayo. Chenye kuvuta jicho ni upekee. Nyanya moja nyekundu katikati ya mbichi huonekana mara moja. Nyanya nyekundu katika tenga la nyanya nyekundu haionekani kuliko nyingine.

Jicho lina pia chembehai za usiku, zinazoitwa rodi. Hizo huitikia zaidi mawimbi ya kiasi cha nanomita 500, na karibu haziuoni mwanga mwekundu. Kwa hiyo jua linapotua, nyekundu ndiyo rangi inayotangulia kufifia. Jan Evangelista Purkyně, mwanasayansi wa Bohemia, aliliandika jambo hilo mwaka 1825, na mtu yeyote anaweza kulihakikisha kwa kutazama kanga mbili, moja nyekundu na moja ya bluu, wakati wa magharibi kabla taa hazijawashwa. Mchana nyekundu ndiyo inayong'aa. Kiza kikiingia hugeuka kuwa kama nyeusi, hali ya bluu bado inaonekana. Mwenye duka aliyeandika jina lake kwa rangi nyekundu juu ya ubao mweusi, bila taa, hupoteza jina hilo saa kumi na mbili na nusu jioni, wakati ambapo watu wanaotoka kazini ndio wanaopita.

Neno lenyewe

Lugha ya Kiswahili inatoa ushahidi wake juu ya uzito wa rangi hii. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyopatanishwa na nomino kwa viambishi: -eupe, -eusi na -ekundu. Husemwa shati jekundu, kitambaa chekundu, nguo nyekundu. Rangi nyingine zimepewa majina kutokana na vitu: kijani kutokana na jani, kahawia kutokana na kahawa, zambarau kutokana na tunda, na manjano ni jina la kiungo cha mchuzi. Samawati imetoka katika neno la Kiarabu la mbingu, na bluu imechukuliwa kutoka Kiingereza.

Mpango huo si wa Kiswahili peke yake. Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay, wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, walitoa uchunguzi wao wa majina ya rangi katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwa miongoni mwake. Walidai kwamba lugha yenye majina mawili tu ya msingi huwa na ya nyeupe na nyeusi, na yenye matatu huongeza nyekundu. Nadharia hiyo imerekebishwa mara nyingi tangu wakati huo, lakini nafasi ya nyekundu baada ya nyeupe na nyeusi haikuondolewa.

Hata hivyo, kuwa na jina la mapema si kuwa na maana moja. Victor Turner, aliyekaa miongoni mwa Wandembu wa Zambia, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1967 jinsi nyeupe, nyekundu na nyeusi zinavyotumika katika mila zao. Nyekundu kwao ilikuwa rangi ya damu, lakini damu ina habari nyingi: kuna ya uzazi, kuna ya uwindaji, kuna ya uuaji. Rangi moja ilibeba kheri na shari, na sherehe yenyewe ndiyo iliyoamua ni ipi iliyokusudiwa.

Nyekundu za Kariakoo

Mambo hayo hayahitaji kutafutwa Zambia. Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, una nyekundu za maana mbalimbali katika eneo ambalo mtu hulizunguka kwa miguu kwa muda mfupi.

Ya kwanza ni ya kanga. Kanga ya kisutu, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, ni nguo ya heshima katika harusi za pwani. Mama anayeichagua dukani kwa ajili ya bintiye haoni hatari yoyote katika wekundu wake. Kwake ni rangi ya shughuli, ya baraka na ya uke uliokamilika.

Ya pili ni ya mpira. Klabu ya Young Africans, yaani Yanga, ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa ile ambayo tangu mwaka 1971 inaitwa Simba. Makao ya Yanga yako Jangwani na ya Simba yako mtaa wa Msimbazi, mwendo mfupi kati yake. Yanga huvaa kijani na manjano. Simba huvaa nyekundu na nyeupe, na wapenzi wake hujiita Wekundu wa Msimbazi. Kwa shabiki wa Jangwani, nyekundu ni rangi ya mtani wake. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 Yanga ilikataa kuvaa nembo ya mdhamini wa ligi kwa kuwa ilikuwa na wekundu, na nembo hiyo ikabadilishwa rangi katika jezi zake. Wageni walicheka, lakini mdhamini alipata somo ambalo hakuna kitabu cha ng'ambo kilichomwandalia.

Ya tatu ni ya fedha. Noti ya shilingi 10,000 ni nyekundu, na kwa sababu hiyo wakazi wa jiji wameipa jina la msimbazi. Hapa rangi imepita hatua mbili: kutoka noti hadi klabu, na kutoka klabu hadi mtaa. Mgeni asiyejua habari za mpira hawezi kufahamu kwa nini mtu anadai kuwa na msimbazi mfukoni.

Ya nne ni ya huzuni. Mwezi Desemba 2015 serikali ilianza kubomoa nyumba zilizojengwa katika bonde la Mto Msimbazi, mahali panapofurika wakati wa masika. Nyumba zilizokusudiwa kubomolewa ziliwekwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Tangu hapo, na katika ubomoaji mwingine uliofuata jijini, kusema kwamba nyumba imewekewa X ni kusema kwamba mwenyewe ahame. Sasa alama hiyo hiyo, kwa rangi hiyo hiyo, mafundi wa simu huiweka katika pembe ya ukurasa ili kumwonyesha mtumiaji mahali pa kubonyeza anapotaka kuufunga. Fundi aliyeko Ulaya hana sababu ya kuwaza kwamba alama hiyo ina kumbukumbu kwa mtu wa Jangwani.

Kisutu, jezi, noti na X: urefu wa wimbi katika zote nne unakaribiana sana. Jicho hupokea kitu kimoja, na maana nne zikatokea. Kwa hiyo maana hazikutoka katika jicho.

Utafiti unasema nini?

Yako madai mengi juu ya nguvu ya nyekundu katika nafsi ya binadamu, na baadhi yameanza katika utafiti halali. Mwaka 2005 Russell Hill na Robert Barton, wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, walichunguza michezo ya kupigana katika Olimpiki ya Athens ya mwaka 2004, ambamo washindani waligawiwa nguo nyekundu au za bluu kwa bahati nasibu. Waliovaa nyekundu walishinda katika kiasi cha mapambano 55 kwa kila 100. Habari hiyo ilienea duniani kote. Wachunguzi waliofuata walipokusanya mashindano mengi zaidi, ya kuanzia mwaka 1996 hadi 2020, waliona kwamba ushindi umegawanyika karibu nusu kwa nusu. Hali kadhalika, mwaka 2007 Andrew Elliot na wenzake walitangaza kwamba kuona nyekundu kabla ya mtihani hupunguza alama, labda kwa sababu ya kalamu nyekundu ya mwalimu. Majaribio ya baadaye yenye watu wengi zaidi hayakuipata athari hiyo kwa uthabiti.

Jaribio mashuhuri katika ufundi wa kurasa lilitangazwa mwaka 2011 kutoka kampuni ya Kimarekani ya Performable. Wageni wa ukurasa wake walionyeshwa kitufe cha kijani au chekundu, na chekundu kikabonyezwa kwa asilimia 21 zaidi. Tangu hapo wengi wamelitumia kama hoja kwamba nyekundu huuza. Lakini ukurasa ule wenyewe ulikuwa na kijani kingi. Kitufe cha kijani kilikuwa kama nyanya mbichi katika tenga la nyanya mbichi, na kile chekundu kilikuwa peke yake. Yaelekea matokeo hayo yanaeleza upekee aliousema von Restorff kuliko yanavyoeleza wekundu.

Hii haina maana kwamba binadamu hawafanani hata kidogo. Mwaka 2020 Domicele Jonauskaite na wenzake walitoa uchunguzi wa watu 4,598 wa mataifa 30, ulioonyesha kwamba mataifa mengi yanakubaliana sana katika kuhusisha rangi na hisia. Nyekundu ilihusishwa na mapenzi, na pia na hasira. Makubaliano hayo yana funzo: hata pale ambapo mataifa yanakubaliana, yanakubaliana juu ya hisia mbili zinazopingana. Ni kana kwamba nyekundu huongeza sauti bila kusema neno. Na katika mambo ya biashara makubaliano huisha. Katika masoko ya hisa ya China bara, bei zinazopanda huandikwa kwa nyekundu na zinazoshuka kwa kijani. Marekani ni kinyume chake. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mizigo kutoka Guangzhou na kusoma habari za fedha za New York hana budi kubadili maana ya nyekundu kila anapobadili ukurasa.

Nyekundu katika ukurasa

Baada ya maelezo hayo, hatari iliyotajwa mwanzoni inaweza kuelezwa waziwazi. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na leo mtaji wa wafanyabiashara wengi hupita katika simu. Kampuni mbili kubwa za simu, Vodacom na Airtel, zote hujitambulisha kwa nyekundu. Duka la mtaani nalo likitaka kufanana nazo, au mwenye duka akiwa mpenzi wa Simba, huupaka ukurasa wake rangi hiyo kuanzia juu hadi chini.

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini unaweza kutokea siku yoyote. Mnunuzi analipia mzigo kwa simu. Mtandao unakatika na malipo hayakamiliki. Fundi aliyetengeneza ukurasa, akifuata kitabu chake, ameagiza maneno ya kosa yaandikwe kwa nyekundu. Juu ni wekundu wa nembo, katikati ni wekundu wa kitufe, na chini yake ni wekundu wa onyo. Onyo limekosa upekee, na jicho halilioni. Mnunuzi anaondoka akiamini amelipa, au, mbaya zaidi, muuzaji anautoa mzigo. Kwa mtu ambaye faida ya siku ni msimbazi mmoja au miwili, kosa la rangi limekwisha kuila.

Jambo la pili ni mwonekano. Shirika la W3C, linalotunga kanuni za kurasa za intaneti, lilitoa mwaka 2008 mwongozo unaotaka maandishi ya kawaida yapishane na mandhari yake kwa mng'aro wa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ina uwiano wa 21 kwa 1. Nyekundu kamili juu ya nyeupe ina 4.0 kwa 1, yaani haifiki. Ikipunguzwa kutoka kiwango cha 255 hadi 204 hufikia 5.9 kwa 1 na inafaa. Nyekundu juu ya bluu kamili ina 2.1 kwa 1 tu, na zaidi ya hayo lenzi ya jicho hupinda mawimbi ya bluu kuliko mekundu, hivyo haiwezi kuziona zote mbili kwa ukamilifu kwa wakati mmoja, na maandishi huonekana kama yanatikisika.

Hesabu hizo ni za ndani ya nyumba. Mchana wa Kariakoo simu husomwa juani, na kioo chake hurudisha mwanga wa anga juu ya kila kitu kilichoandikwa. Chukua nyeupe ya simu kuwa sehemu 100, nyekundu kuwa 21 na nyeusi kuwa 0; kisha jua liongeze sehemu 100 kwa kila moja. Nyeupe itakuwa 200, nyekundu 121 na nyeusi 100. Nyeusi bado inapishana na nyeupe kwa 2 kwa 1, lakini nyekundu imebaki na 1.65 kwa 1. Msomaji anapokuwa na tofauti ndogo hivyo, kila sehemu iliyopotea ina thamani.

Jambo la tatu ni upofu wa rangi. Wako watu, wengi wao wanaume, ambao koni zao za aina ya pili au ya tatu zina kasoro au hazipo. Kasoro hiyo hurithiwa kupitia kromosomu ya X. Mwanamume anayo moja tu, hivyo hana ya kufidia. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini wapo kiasi cha 8 katika kila 100. Uchunguzi mwingi uliofanywa barani Afrika umeonyesha viwango vilivyo chini ya hapo. Hata wakiwa 2 tu katika 100, Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye nafasi za watu 60,000, ukijaa wanaume ungekuwa na 1,200 wanaotatizwa kupambanua nyekundu na kijani. Kwa watu hao kitufe chekundu cha kughairi na cha kijani cha kukubali vinaweza kufanana, na hata kwa wengine msaada wa mng'aro ni mdogo: nyekundu kamili na kijani cha kawaida cha simu hupishana kwa 1.3 kwa 1 tu. Wengi wenye kasoro hiyo hawajui kuwa wanayo, kwa kuwa hawajapata kuona vinginevyo.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na hayo yote, mtengenezaji wa ukurasa na mwenye duka wanaomwajiri wanaweza kufuata kanuni chache.

Kwanza, nyekundu itumike kwa uchache. Ikiwa nembo ya duka ni nyekundu, maonyo yapewe namna nyingine ya kujitenga, kama vile kisanduku cheupe chenye maandishi meusi manene na mpaka mzito.

Pili, rangi isiachiwe kusema peke yake. Kila palipo na rangi pawe na neno: "Malipo hayakukamilika", "Ghairi", "Funga". Neno husomwa na asiyeona rangi, na hueleweka kwa shabiki wa Simba na wa Yanga sawasawa.

Tatu, ukurasa ujaribiwe juani, saa sita mchana, kwa simu ya bei ndogo. Simu nyingi zina mpangilio wa kuondoa rangi zote na kubakiza nyeupe, kijivu na nyeusi. Ukurasa ambao bado unatumika vizuri katika hali hiyo umejengwa imara. Ule unaogeuka fumbo umeitwisha rangi mzigo usio wake.

Nne, maana ya rangi iulizwe kwa wateja wenyewe. Jicho la mteja wa Kariakoo linajulikana tayari, kwa kuwa halitofautiani na la mteja wa London au Guangzhou, na mambo yake yanaweza kusomwa vitabuni. Kisutu, Msimbazi, noti na X hazimo katika vitabu hivyo. Fundi atakayeuonyesha ukurasa wake kwa watu kumi wa mtaa kabla ya kuufungua, wakiwamo wazee na akina mama, na akawauliza wanavyouelewa badala ya kuwauliza kama ni mzuri, atapata katika adhuhuri moja maarifa ambayo vitabu hivyo haviwezi kumpa.